Nani atamtunza Naomi wa Ulaya?

 

Miaka michache iliyopita askofu wangu aliniruhusu kwenda kumshikia nafasi paroko mmoja wa kusini mwa Ujerumani aliyekuwa anakwenda likizo mwezi wa nane. Siku hizi ni jambo la kawaida. Katika vijiji vingi vya kule, wakati wa kiangazi, Misa inasomwa na padre kutoka Afrika au India. Kila Ijumaa nilipeleka Komunyo kwenye nyumba ya wazee iliyo jirani na kanisa. Ni nyumba safi, yenye maua madirishani na kengele kando ya kila kitanda.

Ijumaa moja niliingia chumba cha bibi aliyekwisha kupita miaka tisini. Dada mmoja Mwafrika, amevaa sare ya kazi, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Aliniangalia, akaniuliza kwa Kijerumani nimetoka wapi. Nilipomjibu, aliweka bakuli chini. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre! Shikamoo!" Alikuwa mwenyeji wa Kilimanjaro.

Tukazungumza kidogo habari za nyumbani. Nikamuuliza kama mama yake hajambo. Akanyamaza, akamfuta bibi midomo kwa kitambaa. "Mama naye analishwa, Padre. Miguu haina nguvu tena. Nimemwekea binti wa kazi kutoka Singida, namlipa kila mwezi." Kisha akaongeza taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Na yule binti naye ana mama yake huko Singida."

Neno lile la mwisho sijalisahau hadi leo. Usiku ule nilifungua Kitabu cha Ruthu. Ni kifupi, sura nne tu. Ukikaa nacho leo baada ya chakula cha mchana utakimaliza kabla chai haijaiva.

Unaikumbuka habari yake. Naomi wa Bethlehemu anahamia Moabu na mume wake kwa sababu ya njaa. Huko anafiwa na mume, kisha na wanawe wawili. Anarudi kwao mzee, mjane, mikono mitupu. Yako mambo matatu yanayomwokoa. La kwanza ni sheria: Torati ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembezoni au kurudia masuke yaliyoanguka, ili maskini, mjane na mgeni wapate cha kuokota (Walawi 19:9-10, Kumbukumbu la Torati 24:19). La pili ni mgeni: Ruthu, mkwe wake, mwanamke wa Moabu, anakataa kumwacha. La tatu ni mtoto: Ruthu anaolewa na Boazi, anazaliwa Obedi, na wanawake wa mtaa wanamwambia Naomi kwamba mtoto huyo atakuwa tegemeo la uzee wake (Ruthu 4:14-17).

Sheria, mgeni na mtoto. Naomba uyashike hayo matatu, maana kwayo tutaelewa kinachozisumbua nchi za Ulaya leo. Tunasikia habari zao vipande vipande: mgomo Paris, ugomvi kuhusu wahamiaji, serikali imeanguka kwa sababu ya bajeti. Chini ya habari nyingi za namna hiyo limelala swali moja la kifamilia kabisa: nani atamtunza mzee, na kwa fedha ya nani?

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo Ulaya inastahili heshima. Mwaka 1889, chini ya Chansela Otto von Bismarck, Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya uzee na ulemavu. Bismarck hakusukumwa na huruma peke yake; aliogopa wafanyakazi wasije wakamkimbilia adui yake, chama cha wajamaa. Tena umri wa kupokea pensheni ya uzee uliwekwa miaka 70, ambao vibarua wengi wa wakati ule hawakuufikia. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kuchumia faida, kwamba mshahara wa haki hauwezi kuwa pungufu ya mahitaji ya maisha yake, na kwamba dola ina wajibu wa pekee wa kuwalinda wanyonge. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na waraka ule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia shamba la Boazi lilipanuliwa sana. Ufaransa iliunda mfumo wake wa hifadhi ya jamii mwaka 1945. Uingereza, ikifuata ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, ilianzisha huduma ya afya ya taifa Julai 1948. Leo bibi wa Ulaya ana ufunguo wa mlango wake na fedha yake mwenyewe. Hamwombi mkwe wake hela ya sabuni. Akiugua, hauzi kiwanja.

Tusilione hilo kuwa dogo, ndugu yangu. Sisi hupenda kujisifu kwamba Waafrika tunawatunza wazee wetu na kwamba Wazungu wanawatupa. Kweli wako wanaotupwa kule, na upweke umekuwa jeraha kubwa hata Uingereza, Januari 2018, ikamteua waziri wa kushughulikia suala hilo. Lakini katika baadhi ya mikoa yetu wenyewe bibi vizee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kosa lao likiwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Kabla ya kumhurumia bibi wa Ujerumani kwenye chumba chake chenye maua, tumkumbuke bibi wa kwetu anayeogopa usiku kuingia.

Sasa, fedha hiyo ya wazee hutoka wapi? Wengi wanadhani mfanyakazi anawekewa akiba yake mahali, kama kwenye kibubu, halafu anakuja kukivunja akistaafu. Katika nchi kama Ujerumani, Ufaransa na Italia sivyo ilivyo kwa sehemu kubwa. Ujerumani, asilimia 18.6 ya mshahara inakwenda kwenye mfuko wa pensheni, nusu ikitolewa na mfanyakazi na nusu na mwajiri wake. Fedha hiyo haikai. Inaingia mkono huu na kutoka mkono ule, kumlipa mzee wa leo. Anayechanga leo anatumaini kwamba atakapozeeka watakuwepo wengine wa kumchangia. Akina mama wanaocheza upatu wataelewa haraka: upatu unakwenda vizuri ilimradi wanaoingia wasipungue.

Na wanaoingia wamepungua. Mwaka 1964, Ujerumani ikiwa bado imegawanyika Mashariki na Magharibi, walizaliwa huko watoto zaidi ya 1,300,000. Mwaka 2024 Ujerumani nzima ilipata watoto wapatao 677,000. Wale wa 1964, ambao wamenizidi mimi miaka michache tu, watafikisha miaka 67 mwaka 2031, na kwao huo ndio umri wa kustaafu kwa sheria. Kundi kubwa kuliko yote linatoka kwenye benchi la wanaotoa, linahamia benchi la wanaopokea. Tayari sasa serikali inajazia mfuko huo zaidi ya euro bilioni 100 kila mwaka kutoka kwenye kodi. Italia, nchi inayoizunguka Vatikani, nayo mwaka 1964 ilipata watoto zaidi ya milioni moja; mwaka 2024 ilipata kama 370,000. Ufaransa mwaka 1960 ilikuwa na wachangiaji karibu wanne kwa kila mstaafu. Leo hawafiki hata wawili.

Ndiyo maana Ufaransa iliwaka moto mwaka 2023. Serikali ya Rais Emmanuel Macron ilitaka kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64. Kwetu sisi miaka 64 inaweza kuonekana jambo la kubishania bure. Lakini msikilize fundi wa kuezeka mapaa, aliyeanza kazi akiwa na miaka 18 na magoti yamekwisha. Yeye analipa miaka miwili zaidi kwa mwili wake. Mwenye kazi ya kalamu analipa kwa subira tu. Msikilize na mama aliyekatisha ajira ili alee watoto, akajikuta miaka yake ya michango haitoshi. Mamilioni waliandamana, na takataka zikarundikana mitaa ya Paris. Tarehe 16 Machi Waziri Mkuu Élisabeth Borne alipitisha sheria hiyo bila kura ya Bunge, kwa kutumia kifungu cha katiba kinachoruhusu hivyo. Halikuwa kosa la kisheria, lakini liliacha donda. Baadaye mawaziri wakuu wawili, Michel Barnier na François Bayrou, waliangushwa bungeni katika mivutano ya bajeti na madeni. Oktoba 2025 waziri mkuu mwingine, Sébastien Lecornu, akatangaza kuisimamisha ile ile sheria ya pensheni. Hesabu zenyewe lakini hazikusimama. Mzee wa Ufaransa anaendelea kuzeeka, na kijana anaendelea kuuliza kama lipo litakalobaki kwa ajili yake.

Sisi Watanzania tuliobishana miaka mingi kuhusu kikokotoo tunajua jinsi maneno ya pensheni yanavyochoma. Mstaafu hahesabu asilimia tu. Anauliza kama neno alilopewa ujanani bado ni neno.

Hapa nataka kukusimulia kisa kimoja ambacho kwangu ndicho ufunguo wa mambo haya. Mwaka 1955 mchumi mmoja Mkatoliki wa Ujerumani, Wilfrid Schreiber, aliyekuwa akifanya kazi na chama cha waajiri Wakatoliki, aliandika pendekezo kuhusu pensheni. Alisema jamii ya viwanda inahitaji mapatano ya vizazi vitatu. Wenye nguvu za kufanya kazi wawatunze wazee waliokwisha kufanya kazi, na hao hao wachangie malezi ya watoto ambao bado hawajaanza. Kwa hiyo alipendekeza mifuko ya pande mbili: pensheni ya wazee, na fedha ya malezi kwa watoto hadi ujana wao. Mzigo wa kulea usiachwe juu ya mabega ya wazazi peke yao, maana matunda ya malezi hayo yataliwa na wote.

Chansela Konrad Adenauer alilipenda pendekezo hilo, lakini alichukua upande mmoja tu. Sheria ya mwaka 1957 iliwapandishia wazee pensheni kwa kiwango kikubwa. Upande wa watoto ukaachwa. Inasimuliwa kwamba alipokumbushwa habari ya watoto alijibu kuwa watu watazaa tu siku zote. Adenauer alikuwa Mkatoliki wa kweli, mzee wa miaka 81, baba wa watoto wengi. Bila shaka aliona hivyo katika nyumba yake mwenyewe. Septemba mwaka ule ule chama chake kilipata ushindi mkubwa kuliko wowote katika historia yake. Wazee walipiga kura. Mtoto hapigi kura.

Mpendwa msomaji, rudi kwa Naomi. Sheria ya 1957 ilimpa shamba la Boazi lililo pana, ikamsahau Obedi. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kosa hilo kusemwa kwa sauti ya mahakama. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua, kuhusu bima ya kuwahudumia wazee wasiojiweza, kwamba si haki mwenye kulea watoto atozwe sawa na asiyelea, kwa sababu kulea mtoto nako ni mchango. Tangu mwaka 2005 wasio na watoto wanalipa nyongeza katika bima hiyo. Wanasheria waligundua kile ambacho mama yako alikuwa akikifanya tangu asubuhi hadi usiku bila risiti.

Najua baadhi ya wahubiri wetu watarukia hapo. Watasema Ulaya imemwacha Mungu, haitaki kuzaa, sasa inavuna ilichopanda. Naomba tusiende haraka hivyo. Makanisa yamebaki matupu, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini Italia, Hispania na Poland, nchi zenye Wakatoliki wengi, zimo miongoni mwa zile zenye watoto wachache sana. Ukikaa na vijana wao utawasikia wakitaja kodi ya nyumba inayomeza mshahara, mikataba ya kazi ya miezi sita, na chekechea isiyo na nafasi. Baada ya msukosuko wa madeni ulioanza mwaka 2010, Ugiriki ilikata pensheni mara kadhaa, na kufikia 2013 zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi, Ugiriki na Hispania, hawakuipata. Babu akageuka mlishaji wa nyumba nzima kwa pensheni ile ile iliyopunguzwa. Kijana anayekula kwa babu yake akiwa na miaka 28 utamhubiria nini kuhusu kuoa?

Tena mtoto hazaliwi ili awe mlipa kodi wa kesho. Kanisa linafundisha kwamba mtoto ni zawadi, hajawahi kuwa mtaji wa mfuko wa pensheni. Na mimi ninayekuandikia ni padre, sina mtoto. Siku miguu yangu itakapokataa, atakayenilisha uji atakuwa mtoto wa mwenzangu. Kwa hiyo simnyoshei kidole asiyejaliwa mtoto. Ninasema tu kwamba sisi tusio na watoto ndio wa kwanza kupaswa kuwashukuru wanaolea, na kuwashukuru kwa vitendo.

Obedi amekuwa haba, basi Ulaya imemwita Ruthu. Hapo ndipo lile neno la pili, mgeni, linapoingia. Italia imekuwa ikiwaita wanawake wa Ukraine, Romania, Moldova na Ufilipino wakae majumbani na wazee wake. Wengi waliacha watoto wao kwa bibi zao, hata madaktari wa Ulaya Mashariki wakaanza kuuita unyonge wa roho uliowapata akina mama hao "ugonjwa wa Italia." Sasa wito umefika kwetu Afrika Mashariki. Uingereza ilisaini makubaliano na Kenya mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya. Ujerumani na Kenya zilisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira Berlin, Septemba 2024. Vijana wa Nairobi na Mombasa wako madarasani wakijifunza Kijerumani.

Sisemi wasiende. Kazi ya kumwogesha na kumlisha mzee ni kazi takatifu, na mshahara wake umejenga nyumba na kusomesha wadogo. Ninaona lakini mambo mawili yasiyo sawa. La kwanza, siasa za nchi nyingi za Ulaya zinaitaka mikono ya Ruthu huku zikimwogopa Ruthu mwenyewe. Katika kampeni anaitwa tishio, na kesho yake asubuhi anasubiriwa kwenye nyumba ya wazee kwa sababu hakuna mwingine. Boazi hakufanya hivyo. Aliwaonya vijana wake wasimguse yule mgeni, akamkaribisha mezani, akamwachia masuke kwa makusudi (Ruthu 2:8-16).

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililokuwa katika neno la yule dada wa Kilimanjaro. Ruthu wa Biblia alisafiri ili asimwache Naomi wake. Ruthu wa leo analazimika kumwacha Naomi wake ili akamtunze Naomi wa mwingine. Pengo lililoachwa wazi katika sheria moja ya Ujerumani mwaka 1957 halikutoweka. Limesogea tu. Limetoka kwenye kitanda cha yule bibi, likapita Kilimanjaro, limefika Singida, katika nyumba ya mama mmoja ambaye binti yake ameondoka kwenda kumlisha mama wa mtu. Mwisho wa mnyororo yupo mzee ambaye hana pensheni, hana mhudumu, na binti yake hayupo.

Hapo, msomaji wangu, Ulaya imeingia jikoni kwako.

Maana katika mnyororo huu sisi nasi ni waajiri. Yule binti anayemwogesha mama yako, au anayebaki na watoto wako wakati wewe uko kanisani asubuhi hii, analipwa kiasi gani? Analipwa kwa tarehe gani? Umemwandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, au unasema moyoni kwamba yeye ni kama mwanao na ndugu hawaandikishani? Bismarck, kwa woga wake wa kisiasa, alimwandikisha kibarua wa kiwandani mwaka 1889. Mkristo anayepokea Ekaristi kila Dominika anashindwaje kumwandikisha binti mmoja? Tunawashangaa Wajerumani kwa kuhesabu kazi ya malezi kuwa si kitu, nasi tunaihesabu hivyo hivyo chini ya dari zetu.

Na nisijitoe mimi. Parokiani kwetu yupo katekista aliyefundisha zaidi ya miaka 30. Amewaandaa kwa Komunyo ya kwanza watu ambao leo ni wakurugenzi. Siku anapopumzika tunampa shuka, sala na makofi. Tunajenga mnara wa kanisa, naye hana mchango wa mwezi hata mmoja aliowekewa. Nikisoma Rerum Novarum nikiwa nimekaa ofisini, na yeye amesimama mlangoni, naona aibu. Nimelipeleka jambo hili kwenye halmashauri ya parokia, na sitalinyamazia hadi apatiwe kitu cha kudumu.

Yesu alilisema kwa ukali. Aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa sadaka kwa Mungu ili wasiwajibike kwa baba na mama zao (Marko 7:9-13). Aya hizo huzisikii katika Misa ya Dominika. Kanisa linazisoma siku ya kazi, wakati wengi mko ofisini na sokoni. Basi zichukue leo. Sadaka inayotolewa huku mzee hana dawa nyumbani, au huku mfanyakazi wa nyumbani hajalipwa, Mungu hakuiomba.

Nchi yetu bado ni changa kwa watu wake. Tunao watoto wengi, na tunadhani watakuwepo tu siku zote, kama Adenauer alivyodhani. Lakini mijini familia zinapungua, kodi za nyumba zinapanda, na vijana wenye shahada wanakaa kwa wazazi. Tutakapoandika sheria zetu za uzee, na tunaendelea kuziandika, tuziandike kwa vizazi vitatu. Wanaotunga bajeti waulizwe wazee watapata nini, na katika pumzi hiyo hiyo waulizwe shule, chekechea na mama mjamzito watapata nini. Mbunge akija kuomba kura, muulize kwa niaba ya yule asiyepiga kura.

Nilipokuwa natoka chumbani Ijumaa ile, yule dada alinifuata hadi mlangoni. Akaniomba nikumbuke katika Misa akina mama watatu: bibi aliyekuwa anamlisha, mama yake wa Kilimanjaro, na mama wa binti wake wa kazi. Nikamuuliza majina ili niwaandike. Mawili aliyasema mara moja. La tatu alifikiri, akatikisa kichwa. "Sijawahi kumuuliza, Padre."

Tangu siku hiyo nawaombea wote watatu, na wa tatu namwombea bila jina. Leo ukirudi kutoka kanisani, kabla hujavua nguo za Misa, ingia jikoni. Muulize binti anayekusaidia kazi mama yake anaitwa nani, hali yake ikoje, na ni lini mara ya mwisho alikwenda kumwona. Kisha mpe nauli na siku za kwenda.

Mungu Mwenyezi awabariki wazee wetu, watoto wetu, na wote wanaowatunza, karibu na mbali.